Kona ya Maswali: Masta ya teknolojia ya elimu huku unafundisha, inawezekana?

Toleo lililopita nilichomekea tu, tena kwenye swali la mtu mwingine kabisa, kwamba masta yangu ya teknolojia ya elimu niliisoma huku nafundisha vipindi 24 kwa wiki, na zamu juu, na darasa la mtihani. Basi simu haijalala tangu siku hiyo. Barua nyingi zinafanana kwa hiyo nimechagua nne, ukiona jibu la mwenzio linakugusa na wewe chukua, sidai.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha fizikia na hisabati sekondari ya kata huku Kahama, nina miaka 6 kazini, digrii yangu ya ualimu nina GPA ya 3.1. Nataka nisome masta ya teknolojia ya elimu ila watu wananichanganya. Mmoja anasema lazima ujue kuprogramu, mwingine anasema napoteza hela bora nisome uongozi wa elimu nije kuwa mkuu wa shule, mke wangu anauliza hela inatoka wapi, na mkuu wangu kashasema hataki kusikia habari za mtu kuomba ruhusa. Shule ina kompyuta 4, mbili mbovu, na projekta 1. Kidato cha pili mkondo mmoja nina watoto 87. Je inawezekana bila kuacha kazi, na nianzie wapi? – Mwalimu wa Umeme

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huyo wa kuprogramu maana ndo rahisi kumjibu, hajui anachosema. Wapo wanaoingia kozi hii wakatoka hawajaandika hata mstari mmoja wa kodi na wamesoma vizuri tu. Watu wakisikia neno teknolojia akili inaenda kwenye kompyuta moja kwa moja. Sasa mwaka 1973 nchi hii hii iliwafundisha wananchi wapatao milioni 2 habari za malaria, kichocho na kuchimba vyoo, kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wako nyumbani waulize wanaikumbuka. Chombo kilikuwa redio, na kijitabu, na kikundi cha watu wamekaa chini ya mti na mmoja wao kafundishwa namna ya kuongoza mazungumzo kipindi kikiisha. Hiyo ni teknolojia ya elimu bwana. Na kazi ya mtu wa masta ni kuuliza hapo kilichofanya kazi ni nini hasa, ni ile redio, au kile kikundi, au yule kiongozi wa kikundi aliyejua kuuliza swali?

Hapo ndo penye utamu wa kozi yenyewe, na ukiona hilo swali halikusisimui hata kidogo basi acha, kasome uongozi. Kuna Mmarekani anaitwa Richard Clark, mwaka 1983 aliandika kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula dukani, lori halikuongezei lishe mwilini, lishe iko kwenye chakula chenyewe. Yaani ukifundisha vibaya kwa ubao na ukafundisha vibaya kwa projekta, umefundisha vibaya mara mbili. Baadaye akaja mwingine, Robert Kozma, akambishia, akasema hapana, kuna vitu ambavyo chombo fulani kinaweza na kingine hakiwezi, kwa mfano kumuonyesha mtoto kitu kinachobadilika mbele ya macho yake wakati yeye mwenyewe anakigusa. Sisi darasani tuligombana kwa habari hiyo hadi watu wakanuniana. Mimi nilikuwa upande wa Clark, bado niko huko kwa sehemu kubwa, ila nikifundisha mzunguko wa umeme huwa nahamia kwa Kozma kimyakimya.

Sasa wewe una watoto 87, projekta moja na somo la fizikia. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani wanatoa bure simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, zinaitwa PhET, za saketi za umeme zipo, unazishusha mara moja tu ukiwa na bando halafu unaziendesha bila intaneti. Mtoto anaona vijidoa vinavyowakilisha elektroni vinatembea ndani ya waya, anaongeza betri, anaona vinakimbia. Swali la utafiti unalo hapo: wanafunzi walioona saketi kwenye projekta wanaelewa kanuni ya Ohm kuliko waliofunga betri za redio, waya na balbu ya tochi kwa mikono yao, au ni kinyume? Na je ukianza na kimoja ukamalizia na kingine? Usiniambie hilo ni dogo. Dogo ndo linalomalizika.

Na hilo ndo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema leo, ingia chuo tatizo lako likiwa tayari mkononi. Masomo ya darasani watu wanamaliza, asaimenti wanaandika, mitihani wanafaulu, wachache sana wanadisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli. Ukitaka kuona makaburi nenda kwenye tasnifu, ule utafiti wa mwisho unaouandika mwenyewe. Nina wenzangu niliosoma nao mpaka leo wakiulizwa wanajibu "nimebakiza diseteshi tu" na hiyo tu ina miaka mingi. Sio wajinga, wengine walinizidi mbali. Ila walifika mwaka wa pili ndo wanaanza kujiuliza nichunguze nini, wakachagua mada kubwa kama bara, mchango wa TEHAMA katika maendeleo ya elimu sijui wapi na wapi, msimamizi akairudisha, wakaibadilisha, ikarudi tena, kidato cha nne kikawa na mtihani wa kanda, mtoto akaumwa, ikaishia hapo. Mimi mwenyewe msimamizi wangu alikaa na sura ya tatu ya tasnifu yangu miezi minne bila kunijibu neno, na siku aliyojibu nikakuta flashi niliyohifadhia kazi imekufa na nakala nyingine sina. Nililia stoo ya vitabu shuleni ili watoto wasinione. Kilichoniokoa ni kwamba swali langu nilikuwa nalijua kwa kichwa, lilitoka kwenye darasa langu, niliweza kulianza upya hata usiku ule. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote andika nusu ukurasa tu kwa Kiswahili chako cha kawaida, nini kinakusumbua darasani, umejaribu nini, kimegoma wapi. Na kazi yako weka nakala kwenye barua pepe yako kila Ijumaa, flashi ni adui wa mwanafunzi.

Kozini watakufundisha kitu kinaitwa TPACK, walikiandika Punya Mishra na Matthew Koehler wa Michigan State University mwaka 2006 wakijengea juu ya mawazo ya Lee Shulman ya mwaka 1986. Usiogope ufupisho, maana yake ni kwamba kujua fizikia peke yake hakutoshi, kujua kufundisha peke yake hakutoshi, kujua projekta nako peke yake hakutoshi, ila kuna ujuzi wa nne unaopatikana pale hivyo vitatu vinapokutana, yaani kujua ni mada ipi ya fizikia inayohitaji projekta na ipi inahitaji betri na waya. Wewe nusu yake unayo tayari, unafanya kila siku, hujapewa tu jina lake.

Muda. Kwa mfumo wetu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, masta ni kuanzia krediti 180 na krediti moja inahesabiwa ni saa 10 za kazi, piga mwenyewe, saa 1,800. Ukiisoma kwa miaka mitatu ni kama saa 12 kila wiki, Krismasi imo, msiba umo. Saa hizo lazima zitoke mahali, hazianguki kutoka mbinguni, na mara nyingi zinatoka kwenye tuisheni ya jioni, kwa hiyo gharama ya kwanza ya masta sio ada, ni ile hela ya tuisheni utakayoacha kuipata. Mkeo ana haki kabisa kuuliza. Kaeni naye chini na salari slipu mezani, kama Bodi ya Mikopo bado inakukata ile asilimia 15 hesabu yako ni tofauti na ya mtu aliyemaliza deni, na theluthi moja ya mshahara inatakiwa ibaki salama bila kuguswa na makato. Chuo waombe ada yote kwa maandishi, sio ada ya mwaka wa kwanza tu, halafu wewe ongeza bando, nauli, kuchapa, kujalidi, na ule mwaka wa ziada ambao kila mtu anaapa hautamkuta. Saccos ya walimu kwa ada ya semista moja moja, sawa. Mikopo ya riba kubwa ya mtaani, kausha damu, usithubutu, hakuna digrii duniani ya kukopea huko.

Chuo gani? Kwa GPA yako mlango uko wazi, kwa kawaida wanataka kuanzia 2.7, aliye chini ya hapo ndo huambiwa apitie stashahada ya uzamili kwanza. Kwa mtu aliyeko kazini mimi huwa namwambia aanze kwa kuuliza Chuo Kikuu Huria, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako hasa, kituo Shinyanga kipo hapo kwenu. Ila usitafute jina la kozi tu. Haya mambo yanakuja kwa majina mengi, elimu masafa, TEHAMA katika elimu, mitaala na ufundishaji, we omba orodha ya masomo uangalie kama kuna ubunifu wa masomo, kama kuna tathmini, kama kuna mbinu za utafiti. Halafu uliza swali ambalo hawalipendi: wasimamizi wa fani hii mnao wangapi, na kila mmoja ana wanafunzi wangapi sasa hivi?

Mkuu wako wa shule nimemuacha mwisho makusudi. Barua yako ya kuomba kibali inapitia kwake, kisha afisa elimu, mpaka kwa mkurugenzi, na hata kama unasoma usiku kwa intaneti iombe tu, iwe kwenye faili, usije siku moja ukaulizwa umesoma lini. Lakini usimwendee na barua kwanza. Mwendee na zile kompyuta mbili mbovu, tafuta kijana wa kuzitengeneza, zifufuke, halafu mwambie mkuu mimi ruhusa ya kuondoka sitaki, nataka tu ratiba yangu ya Ijumaa mchana iwe nyepesi na nitakuwekea mitihani yote ya muhula kwenye hizi kompyuta. Mkuu ambaye hataki kusikia ruhusa mara nyingi anachoogopa ni vipindi kubaki wazi, sio wewe kusoma. Na ukifika kukusanya data kwenye shule yako mwenyewe bado unahitaji barua ya utafiti kutoka chuo, na watoto na wazazi wakubali, usiseme hawa ni wanafunzi wangu tu nitawafanyia ninachotaka.

Kuhusu mshahara usijidanganye kwamba siku ya joho ndo siku ya kupanda daraja, utaratibu wa madaraja una njia yake. Na ukiona mtu wa stesheneri anakwambia anaandika tasnifu kwa laki kadhaa, au unataka ChatGPT ikuandikie sura nzima, ujue siku ya kudifendi, yaani kuitetea kazi yako, utakaa peke yako mbele ya watu watatu wanaokuuliza kwa nini ulichagua hao wanafunzi na sio wale.

SWALI: Assalamu alaykum. Mie mwalimu wa Kiingereza, niko Wete. Nimeona chuo kimoja cha nje mtandaoni kinatoa masta ya teknolojia ya elimu kwa miezi sita, dola 900, hakuna tasnifu, na uzoefu wangu wa kazi wanauhesabu kuwa masomo. Wanasema leo ndo mwisho wa punguzo. Nilipe? – Bi Mwalimu

JIBU: Wa alaykumu salaam bi mwalimu. Usilipe. Hiyo leo ndo mwisho itakuwepo na kesho, na wiki ijayo, jaribu usilipe uone watakavyokuandikia tena kwa mapenzi.

Chukua ile hesabu niliyompa mwenzio wa Kahama. Saa 1,800 ukizigawa kwa miezi sita ni kama saa 10 kwa siku kila siku, Ijumaa imo, sasa hapo utafundisha saa ngapi na utalala saa ngapi? Uingereza nako masta ni krediti 180 za saa kumi kumi, hakuna muujiza huko. Kabla hujatoa hata senti waulize TCU kama chuo hicho kinatambulika nchini kwao, kwa sababu cheti cha nje ukitaka kitumike hapa kwetu lazima TCU wakipitishe, na kama nchi kilikotoka hawakijui basi umenunua fremu ya ukutani kwa dola 900.

Sio kwamba vya mtandaoni vyote ni vibaya, la. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, enzi hizo wanatumia posta. Chuo Kikuu cha Edinburgh kule Uingereza wana masta ya elimu ya kidijitali inayosomwa yote mtandaoni kwa miaka mingi sasa, na ni ngumu kweli. Ada yao ni mlima, lakini kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, wa masta za vyuo vya Uingereza, mtu anasoma akiwa nchini kwake na kazini kwake, na Tanzania imo. Kozi zinazofadhiliwa hubadilika mwaka hadi mwaka kwa hiyo fungua tovuti yao wenyewe, usisubiri kutumiwa na mtu kwenye grupu la WhatsApp maana huko hufika siku moja baada ya kufungwa. Watakuuliza masomo haya yatasaidiaje pale ulipo. Andika Wete. Andika darasa lako, watoto wangapi, kitabu kimoja wanakaa wangapi. Mtu akiandika "kuleta maendeleo ya elimu barani Afrika" msomaji keshalala.

SWALI: Habari mwalimu, nakusoma kutoka Kilifi. Shule yetu ya msingi tulipata tableti za serikali, ziko kwa stoo zimefungwa, mwalimu mkuu anaogopa ziibiwe. Mimi nimefikiria nifanye masta ndio nipate nguvu ya kuongea. Unaonaje?

JIBU: Naona unataka kununua ng'ombe kwa sababu ya kikombe kimoja cha maziwa. Shida yako ni kufuli, na kufuli halihitaji masta.

Nchi yenu mradi ule wa DigiSchool ulianza kugawa mwaka 2016, vifaa zaidi ya milioni 1 kwa shule za msingi za umma, na sio shule yako tu ambayo vimelala stoo. Mwalimu mkuu wako namwelewa kabisa, kikipotea kimoja anaulizwa yeye na sio wewe. Mwandikieni daftari la kuazima, mwalimu anasaini anapochukua na anaporudisha, muanze na tableti kumi na darasa moja, mara mbili kwa wiki, mwezi mmoja. Kozi fupi ya wiki kadhaa inakutosha kujua utawapa nini watoto. Wekeni Kolibri kwa mfano, ni programu ya bure inayobeba masomo na kufanya kazi bila intaneti.

Maana kuwapa tu vifaa haitoshi, Peru walishajaribu. Waligawa laptopu kwa watoto wa vijijini, watafiti wakafuatilia shule 319, matokeo yalitoka mwaka 2012, hesabu na lugha hazikupanda kwa namna ya kuonekana. Na nyinyi wenyewe Kenya mlikuwa na Shupavu 291, mtoto anajibu maswali ya marudio kwa ujumbe mfupi kwenye kabambe ya mama, simu ndogo ya vitufe, hakuna kioo cha kugusa wala nini. Kifaa cha bei ndogo kabisa lakini mtu alikaa akafikiri swali gani lifuate lile.

Ukifanya hayo mwaka mzima na bado moyo unakuwasha kujua kwa nini darasa moja lilipanda na lingine likakwama, hapo sasa nenda, Kenyatta University wana idara nzima ya mawasiliano na teknolojia ya elimu. Ila ya cheo usiihesabu sana, TSC yenu, tume inayoajiri walimu, siku hizi haimpandishi mtu papo kwa papo kwa sababu kaleta cheti kipya.

SWALI: Nina miaka 49, mwalimu wa msingi Songea, digrii niliipata ukubwani. Nimechelewa? – Mama Wawili

JIBU: Dada yangu, kustaafu kwa lazima ni 60. Ukianza mwakani ukamaliza na 53 unabaki na miaka saba ya kufundisha, na darasani kwetu mwanafunzi wa kwanza kumaliza tasnifu alikuwa bibi wa wajukuu watatu, sisi vijana tulikuwa bado tunabishana kuhusu mada. Kitu kimoja tu kabla ya kujaza fomu, nenda kapime macho upate miwani ya kusomea, zile makala zinakuja kwa PDF yenye safu mbili na herufi kama chawa, na kwenye simu utaacha kusoma ukidhani ni akili imegoma kumbe ni macho.